Vibuyu Mia Tatu vya Jepkosgei

Vibuyu ndivyo vilivyolala kitandani. Watu walilala chini.

Hapakuwa na njia nyingine. Mvua ya Aprili ilikuwa imeanza Kitale, na chumba cha Jepkosgei huko Kipsongo, cha udongo na madebe yaliyopasuliwa yakanyooshwa, kilivuja pembe tatu kati ya nne. Kibuyu kikishika unyevu kabla hakijakolea mkaa, basi kimekwisha, tupa. Kwa hiyo vibuyu vilipangwa kitandani na kufunikwa blanketi, lile lile moja la nyumba, na Jepkosgei na wanawe wawili wakajikunja juu ya gunia karibu na mafiga. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti akivikagua kimoja kimoja, kwa kidole na kwa pua, aliposikia mtu akikohoa nje. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kikohozi cha mkubwa anayetaka kufunguliwa.

"Hodi! Ni hapa kwa Jepkosgei?"

Alikuwa Bwana Wabwile, afisa wa Mpango wa Mama Uza Nje. Amesimama juu ya jiwe asichafue viatu, mwavuli mkono huu, kitambaa cheupe mkono huu, na kitambaa kiko puani.

"Karibu ndani, bwana afisa."

"Aa, hapa nje ni sawa tu."

Huo Mpango wenyewe ulikuwa na miaka miwili. Wafadhili wa ng'ambo waliuanzisha mwaka wa themanini na sita ili wanawake wenye biashara ndogo wa Kitale na Bungoma wapate soko nje ya nchi. Ukutani mwa ofisi palikuwa na picha kubwa ya mama anacheka, kikapu kichwani, ndege inapaa juu yake. Mpango ulikuwa na gari jipya, una viti vya kuzunguka, una friji ya soda. Nje ya nchi ulikuwa haujauza hata karanga.

"Barua yako imekuja," Wabwile akasema, akaitoa ndani ya koti.

Jepkosgei aliipokea kwa mikono miwili. "Mbona imefunguliwa?"

"Si imepitia sanduku letu la posta? Kitu cha Mpango ni cha Mpango, mama."

Ilitoka Denimaki, kwa Bi Karin. Katika maonyesho ya wakulima Novemba iliyopita, wakati wenye mahema wakijisifu kwa vipaza sauti, Jepkosgei alikaa ukingoni na vibuyu vyake sita vya maziwa, vya ushanga, vile ambavyo kwao Elgon huitwa sotet. Mzungu mmoja, mama wa makamo, mwenye duka la vyombo kwao, akapita, akarudi. Jepkosgei hakuwa na Kiingereza cha kumwambia. Akamimina mursik, maziwa yaliyokaa ndani ya kibuyu siku kumi na mbili, akampa. Karin akanywa. Akaomba tena. Kisha akachukua kibuyu kitupu akakinusa mdomoni kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Siku ile ile, kupitia kwa mwalimu aliyekuwa karibu, akaagiza mia tatu, na akasema kama vyote vitakuwa kama kile, ataagiza mia tatu kila mwaka.

Mia tatu kila mwaka! Msidhani ni jambo dogo. Kabla ya vibuyu Jepkosgei alikuwa anapika chang'aa, ile pombe haramu, kama nusu ya Kipsongo. Alishikwa, akafungwa miezi mitatu na mtoto wa mgongoni, akatoka kichwa kina chawa na maziwa yamekauka kifuani. Aliapa hataigusa tena. Oda ya Karin ndiyo iliyosimama kati yake na ule mtungi wa pombe. Hakuwa na kitu kingine.

"Inasema nini?" akauliza.

"Kuna maonyesho ya biashara huko kwao Septemba. Anataka aliyetengeneza aende, aonyeshe kwa mikono yake vile inafanywa. Tiketi italipwa." Wabwile akatazama nyuma ya nyumba. "Huyu jogoo ni wako?"

"Ni wa watoto."

"Anaimba vizuri. Nimekuwa nikimsikia tangu nashuka kwa gari." Akangoja. Akaendelea kungoja, macho kwa jogoo, mpaka kungoja kwenyewe kukawa matusi. Jepkosgei akamwita mtoto mkubwa amshike jogoo amfunge miguu. Mtoto alilia. Afisa alimbeba jogoo kichwa chini, mkono ule ule wa mwavuli, na kitambaa hakikuondoka puani hata alipokuwa anasema asante.

*

Wanawake wa kikundi kilichotengeneza vibuyu hivyo walikuwa kumi na wawili, lakini nguzo zilikuwa mbili. Lenah Wakhungu, mjane wa Bungoma mwenye ulimi mkali na masomo ya kidato cha pili, ndiye aliyekwenda soko la Chwele kuchagua vibuyu vibichi kwa akina mama wa huko waliovilima. Alivigonga kwa kucha, akavisikiliza, akakataa saba akachukua kimoja. Jepkosgei ndiye aliyevipa uhai. Alitoa mbegu, akaloweka, akakausha, akachoma vijiti vya mti wa senetwet mpaka vikawa makaa, kisha akayasaga makaa hayo ndani ya kibuyu kwa ufagio mwembamba wa kuti, akisugua, akisugua tena, mpaka tumbo la kibuyu likang'aa weusi wenye rangi ya buluu. Weusi huo ndio kibuyu chenyewe. Ushanga ni mapambo tu. Weusi huo ndio unaozuia maziwa yasioze, na ndio ule uliomfanya mzungu afumbe macho.

Jumatatu akaenda ofisini kujaza fomu za safari. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Wabwile aliandika taratibu, anasoma kila swali kwa sauti kama anayehubiri.

"Umewahi kufungwa?"

Jepkosgei akatazama vidole vyake. "Miezi tatu. Ni chang'aa."

Kalamu ikawekwa chini. Wabwile akaegemea kiti chake cha kuzunguka, na usoni mwake mkaja raha fulani, ya mtu aliyepata mfupa wenye nyama.

"Sasa unaona, mama. Tutakupeleka aje kwa wazungu? Mtu wa jela."

"Barua inasema mimi nikuje."

"Barua inasema aliyetengeneza."

"Si ndiyo mimi?"

"Sikiza. Wewe unatengeneza kama mkono. Kuna mkono na kuna kichwa. Huko wanataka kichwa." Akafungua friji, akajifungulia soda, hakumkaribisha. "Madam Chepchumba ndiye mlezi wa Mpango. Pasipoti anayo. Kiingereza anajua, kula kwa uma anajua. Yeye ataenda kwa niaba yako."

Madam Chepchumba alikuwa mke wa mkubwa mmoja wa serikali, na kila mtu Kitale mpaka Bungoma aliijua gari yake.

"Na akiulizwa yeye ni nani?"

"Hayo ni mambo ya ofisi."

"Lakini bwana afisa, yeye hajui hata kushika kibuyu."

"Ndiyo maana utamfundisha." Akanywa, akacheua. "Ama ukatae. Ni haki yako. Nitamwandikia mzungu kwamba aliyetengeneza hapatikani, na mambo iishie hapo. Halafu wale askari wa Kipsongo, unajua mimi tunajuana nao. Mtu akishakuwa na rekodi, kushikwa tena ni kitu rahisi."

Alilisema hilo bila hasira, anapangusa mdomo. Hilo ndilo lililomkera Jepkosgei kuliko tishio lenyewe: ule mdomo, unavyong'aa soda, unavyopanguswa pole pole. Aliona kinyaa. Kisha akatia kidole gumba kwenye wino, akagandamiza pale alipoonyeshwa.

*

Julai vibuyu vilikuwa vimetimia mia tatu. Wabwile akaleta lori, vyote vikapelekwa nyumbani kwa Madam, Milimani, ati akavizoee. Jepkosgei, Lenah na wanawake wengine wanne wakaambiwa wapitie mlango wa nyuma.

Madam alitoka amevaa viatu vya visigino na kanga mpya juu ya sketi. Alikuwa mzaliwa wa Kapsokwony, wa lugha moja na Jepkosgei, na Jepkosgei akafurahi kidogo kwa hilo. Akamsalimia kwa lugha yao. "Chamge, Madam."

"Fine," Madam akajibu. Kisha kwa Kiswahili: "Mnaitwa nani na nani? Basi haidhuru. Nionyesheni."

Masomo yalichukua nusu saa. Jepkosgei aliwasha vijiti, moshi ukapanda, Madam akarudi nyuma akifunika nywele kwa mikono yote miwili. "Uuwi! Nimetoka saluni jana, jamani!" Akapewa ule ufagio wa kuti, akaushika kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya. Akasugua mara tatu, akachoka. Akatia kidole ndani ya kibuyu. Kidole kikatoka cheusi.

"Hii ni nini?"

"Ni mkaa wa senetwet, Madam."

"Nauliza huu uchafu ni wa nini?"

"Si uchafu. Ndiyo inachunga maziwa. Madam, hata wewe si ulikunywa kwa hii ukiwa mtoto?"

Mmoja wa wale wanawake akamkanyaga Jepkosgei mguu, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Bwana Wabwile, aliyekuwa amekaa kibarazani na sahani ya kuku, akaacha kutafuna.

"Mimi nilitoka huko," Madam akasema, kila neno peke yake. "Nilitoka, unaskia? Siwezi kusimama mbele ya wazungu na mikono ya masizi, waseme sisi ni watu wa kula uchafu. Hizi vibuyu zioshwe. Zote. Maji moto na sabuni ya unga, ndani na nje. Halafu zipakwe vanishi zing'are."

"Usafi ndiyo kiwango cha kimataifa," Wabwile akasema, akaendelea na paja lake.

Jepkosgei akapiga magoti. Hakupanga kupiga magoti, miguu ilijiendea. "Madam, kibuyu kinakunywa. Ukikiosha na sabuni kinakunywa sabuni, na haitoki tena. Kinabaki na maji ndani kwa nyama yake. Kitaoza. Na yule mzungu alinusa, Madam! Alipenda hiyo harufu ndiyo akaagiza. Tuoshe nje tu. Ndani tuwache."

"Ati alipenda harufu ya moshi!" Madam akamgeukia Wabwile, wakacheka wote wawili.

"Niachieni hata ishirini vile ziko."

"Nikiona hata moja nyeusi ndani, hakuna safari, hakuna oda, hakuna kikundi. Sijui kama tumeelewana."

Walielewana. Hawakuwa na la kufanya ila kuelewana.

Wakaosha siku mbili, nyuma ya nyumba, penye bomba la wafanyakazi. Walitumia burashi za kusugulia sufuria. Kazi ya miezi mitano ilitoka kwenye midomo ya vibuyu kama wino, ikateremka mfereji, ikapita chini ya ua la Madam kwenda barabarani. Povu lilikuwa la rangi ya majivu na lilinuka maua ya kiwandani. Lenah alirusha burashi yake chini siku ya kwanza kabla ya saa nne.

"Twende! Tubebe vitu zetu twende! Mimi siwezi kuua mtoto wangu mwenyewe nikishikiwa ndoo."

"Twende wapi, Lenah?"

"Popote!"

"Popote hakuna Denimaki," Jepkosgei akasema. "Osha. Labda jua likiwaka siku kumi zitakauka. Nikipewa siku kumi za jua naweza kuzirudisha."

Hakupewa hata tano. Vanishi ilipakwa Jumatano, ikanata vidole na kuumiza vichwa. Alhamisi asubuhi lori lilikuwa limeshawasha injini, likisubiri. Jepkosgei alitia pua kwenye kibuyu kimoja, akasikia ubichi ule wa ndani, mnyevu, mtamu mtamu. Alikwenda nyuma ya tangi akatapika chai yote ya asubuhi. Aliporudi, mkaguzi aliyeletwa na Wabwile alikuwa anagonga mihuri kwenye karatasi zilizolazwa juu ya boneti. Kila karatasi ilisema mzigo umekaguliwa, ni mkavu, ni safi.

"Bwana, si ufungue hata moja uangalie ndani," Jepkosgei akamwomba.

"Mama, nina mizigo mingi leo," yule akasema, akagonga nyingine.

Vibuyu vikatiwa vifuniko, vikafungwa kwenye mifuko ya nailoni, vikarundikwa. Arubaini viliachwa vya kwenda na Madam kwa ndege. Mia mbili na sitini vilipelekwa stoo ya Mpango mjini Bungoma, vingoje meli.

*

Septemba ikapita. Oktoba ikafika katikati bila neno. Jepkosgei akamchukua Lenah, wakaenda ofisini.

Karibu na ile picha ya mama na ndege palikuwa na picha mpya, ndani ya fremu. Madam Chepchumba amesimama mbele ya meza yenye vibuyu, amevaa nguo nyeupe, amefungwa mkufu wa ushanga ambao Jepkosgei aliushona kwa ajili ya Karin. Kifuani ana kikadi chenye maandishi. Lenah akasogea, akasoma, akasoma tena.

"Imeandikwa nini?" Jepkosgei akauliza.

"Imeandikwa wewe." Lenah akaonyesha kwa kidole. "Jepkosgei. Mtengenezaji wa vibuyu, Kenya."

Bwana Wabwile akatoka ndani. Safari hii hakukohoa.

"Mmenipunguzia kazi, nilikuwa nawatafuta. Mzungu wenu amekataa mzigo. Ameandika hapa." Akatikisa karatasi. Lenah akainyakua kabla afisa hajajua la kufanya, akawa anasoma na kutafsiri kwa haraka: alifika kwenye meza akamkuta mwanamke asiyemjua mwenye jina analolijua. Akafungua kibuyu. Kilinuka sabuni na kitu kilichokufa. Hiki si kile alichonywea. Yule mama wa maonyesho yuko wapi? Kama hayupo, yeye hataki kununua tena chochote kutoka huko.

"Lete hapa!" Wabwile akaipokonya, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Mmeona mlivyoharibu jina la nchi? Vibuyu vinanuka! Madam wa watu alisimama pale akaaibika."

"Nilisema zitaoza," Jepkosgei akasema. "Nilipiga magoti nikasema."

"Ulisema wapi? Kuna barua uliandika? Kuna faili?" Kisha sauti ikalainika, ikawa ya jamaa wa nyumbani, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Sikiza, mama. Mambo hayajaharibika kabisa. Wafadhili wenyewe wanakuja Bungoma Ijumaa. Ripoti yetu wameisoma, wamefurahi sana. Hawa watu wana marafiki wenye maduka dunia mzima. Siku hiyo ikienda vizuri, huyo Karin mtamsahau. Oda zitakuja mpaka mkimbie. Lakini iende vizuri. Mje na leso za kikundi. Mje asubuhi mapema, kuna kausafi kidogo ka stoo."

Njiani Lenah alisema yeye haendi. Jepkosgei akaendelea kutembea. Wiki hiyo watoto walikuwa wanakula uji bila sukari mara mbili kwa siku, na jirani alikuwa ameuliza kama ule mtungi wake wa zamani bado anao, maana kuna mtu wa kuununua au wa kupika naye. Ijumaa alfajiri Lenah alimkuta amekwisha vaa leso. Akamfokea, akamwita mjinga, kisha akafunga leso yake pia.

*

Stoo ilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Mlinzi alifungua kufuli, akaruka kando.

Harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kutoka ndani. Mmoja wa wanawake alikaa chini pale pale. Ndani ya nailoni vibuyu vilikuwa vimeota manyoya, ya kijani, ya kijivu, mengine marefu kama ndevu. Vanishi ilikuwa imebambuka magamba magamba. Nyuzi za ushanga zilikuwa zimeoza, na shanga zimezagaa chini ya mifuko katika maji ya kahawia. Jepkosgei alishika kimoja shingoni, shingo ikabaki mkononi na tumbo likaanguka, likapasuka, na ndani mlikuwa na funza. Alikitambua. Kila kimoja alikitambua kwa mpango wa ushanga wake: hiki alikishona mtoto akiwa na surua, hiki alikimaliza siku ya Pasaka.

"Vyote shimoni nyuma ya ukuta, vichomwe," Wabwile akaagiza, kitambaa puani. "Mpaka saa nne nataka pawe safi."

Walibeba kwa mikono. Hakuna aliyewaletea toroli wala glavu. Safari baada ya safari, kuvu ikiwapakaa mikono, viwiko, vifua vya leso za kikundi. Lakini kitu kilichoshiba maji hakichomeki. Mafuta ya taa yalimwagwa, moto ukawaka juu juu, ukafa, ukabaki moshi mzito mchafu unaotambaa chini kwa chini kuelekea kwenye mahema meupe, mahali viti vilikuwa vimepangwa na soda zinapoozwa kwenye mabeseni. Shimo lenyewe lilikuwa fupi. Chungu ya vibuyu ilitokeza juu ya ukingo mpaka kimo cha kiuno.

Saa tatu na robo, magari yakaingia. Wageni walikuwa wamewahi.

"Zima! Zimeni hiyo!" Wabwile alikuja mbio, jasho likimtiririka. Ndoo za maji zikamwagwa, moshi ukageuka mvuke, harufu ikazidi maradufu. Akatazama chungu ile, akatazama wageni wanaoshuka, akatazama wanawake. Ukamwona kabisa anapata wazo. "Njooni hapa. Simameni mstari mmoja, mbele yake. Karibianeni. Bega kwa bega, mzibe hiyo kitu isionekane. Wewe Jepkosgei ni mrefu, kaa katikati. Na mtu asisogee, mnasikia? Mtu akisogea tu, oda mtaisikia kwa redio."

Wakasimama. Kumi na wawili, migongo kwenye uozo, nyuso kwenye mahema. Mvuke uliwapanda miguuni ndani ya nguo.

Sala ikaombwa. Hotuba zikasomwa. Bwana Mkubwa mwenyewe, mume wa Madam, alikuwa meza kuu pamoja na mkewe, na alizungumza sana juu ya mwanamke kuwa uti wa mgongo wa taifa, na kila alipotulia kumeza mate Wabwile aliinua mkono na wanawake wakapiga makofi. Nzi walikuwa wameanza kuja. Walitua kwenye midomo, na hakuna aliyewapunga.

Kisha akasimama mfadhili mmoja, kijana mwenye miwani, uso wake mwema na umeungua na jua. Alizungumza, mkalimani akafasiri. Alisema amesafiri mbali. Alisema katika ripoti zote alizosoma mwaka huu, iliyomgusa ni ya mama mmoja maskini wa Kipsongo, aliyetoka kwenye pombe haramu na kifungo, akasaidiwa na Mpango, mpaka akasimama katika maonyesho ya Ulaya na kazi ya mikono yake. Angependa, akasema mkalimani, angependa sana kumsalimia leo. Jepkosgei ni nani hapa?

Hema zima lilimjua Madam. Chifu alimjua, walimu walimjua, makarani walimjua, mumewe alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake. Hakuna aliyekohoa.

Madam Chepchumba akainua mkono, akainuka, akatabasamu kwa haya.

Lenah akamshika Jepkosgei leso ubavuni. "Sema," akanong'ona. "Sema sasa, we mama. Sema." Jepkosgei alifungua mdomo. Wabwile alikuwa anamtazama moja kwa moja, kidole kimeelekezwa chini, kwenye miguu yake, mahali anaposimama. Nyuma yake kitu kilibonyea ndani ya chungu, na mchirizi wa maji ya moto ukamgusa kisigino. Angesogea hatua moja tu, wageni wote wangeona.

Yule mfadhili alikuwa amemshika Madam mikono yote miwili, anaitikisa, na miwani yake imelowa machozi. Bwana Mkubwa akaanza kupiga makofi. Hema likapokea. Wabwile akainua mkono kwa wanawake.

Jepkosgei akapiga makofi. Kuvu ilikuwa imemkaukia viganjani tangu asubuhi, na kila mikono ilipokutana ilitoka vumbi la kijani, likamrudia usoni, likamwingia kwenye mdomo ambao bado ulikuwa wazi.